Mtu wa Kofia Aliyenipita Jumamosi

Wanangu, chai iko kwenye chupa, mayai nimeshachemsha. Dada mkubwa, anua nguo mvua ikinukia. Nimewahi mbio za leo, za kufungia wikendi ya sikukuu.

Baba yenu asome kuanzia hapa.

Jumamosi, kwenye mbio za kufungulia wikendi, karibu na utepe wa kumalizia, nilipitwa na mwanamume aliyevuta kofia hadi puani, viwiko nje kama anasukuma mlango. Nilipokusimulia hukunitazama. Ulisema, "Watu wanafanana, mke wangu," ukaenda kuoga. Mtu aliyeshinda kitandani anaoga jasho gani?

Asubuhi hii nilikuwa natafuta pini za kubania namba yangu, nikapekua koti lako. Nimekuta soksi zilizoloa na namba ya mbio za leo. Kwa hiyo huo mkate unaoufuata kila alfajiri ukarudi unahema, duka lake liko mlimani?

~~Usije. Baki na wanao.~~

Nilikaa na soksi zako mkononi nikijiuliza unanificha nini hasa. Ingekuwa mwanamke, ningeelewa upesi zaidi. Au uliogopa nitakucheka? Ningekucheka, ndiyo, halafu ningekufulia hizo soksi.

Namba yako iko chini ya kikombe chako. Bibi jirani atakaa na watoto, nimeshamwambia. Njoo usimame kando yangu kabla ya kipenga. Miezi yote hii ya kujiandaa na marathoni, pale kwenye mstari wa kuanzia huwa natetemeka peke yangu, na sijawahi kumwambia mtu.

Mama Watoto