Kapsuli za Chupa ya Kahawia

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wanao. Hujambo? Leo siulizi kwa mazoea, nataka jibu. Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Ningekupigia, lakini simu yako iko kwa fundi.

Kazi yangu unaijua: kulisha panya wa maabara na kuandika hali zao. Mwaka huu wanapewa dawa ya majaribio inayoiga homoni ya tezi ya shingo. Wataalamu walijigamba kwamba inagusa ini tu, inapunguza mafuta ya damu, na moyo haiubishii hodi. Miezi miwili niliamini. Panya walikonda, wakang'aa.

Wiki iliyopita walianza kufukua maranda ya vizimba mchana kutwa. Wanne wamekufa. Daktari wa wanyama aliwapasua, akakuta mioyo imevimba. Nikamvaa mkuu wa maabara, nikamtaka asitishe. Akasema nipunguze jazba, panya si shangazi zangu. Nikafoka korido nzima ikasikia, mimi yule yule niliyewalaani magazetini wauza poda za kukondesha, nikawaita wauaji wanaotoa risiti.

Leo asubuhi shemeji amepita kazini kwangu na habari zako, anacheka. Anasema umetiwa betri mpya: unahamisha makabati, jasho linakutiririka, chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Nikacheka naye. Kisha nikatafuta karatasi, nikakaa kukuandikia.

Dada, zile kapsuli za chupa ya kahawia nilizokupa si vitamini. Ni ile ile wanayopewa panya. Niliichota mwenyewe, nikaijaza kwenye kapsuli tupu, kwa kuwa mafuta yako ya damu yaligoma kushuka, na baba alikwenda kwa ugonjwa huo huo tukimtazama. Nilijiona mjanja kuliko wote niliowatukana.

Usimeze hata moja tena. Nenda hospitali sasa hivi, umpe daktari chupa hiyo na barua hii. Nyuma nimeandika jina la dawa, kipimo na tarehe uliyoanza. Usinifichie aibu. Nikimaliza hapa namwandikia mkuu wangu haya haya.

Shemeji ananisubiri koridoni akuletee barua hii, anadhani nakuandikia umbea. Wabusu watoto. Jioni nitakuja. Mkono wako ukishatulia, nipige kofi ninalostahili.

Mdogo wako uliyemwita Pilipili