Maji ya Kusukutua

Mjukuu wangu Deo,

Hapa Mkuyuni hatujambo. Usinicheke: niko kidato cha pili, ila kiukoo ni bibi yako.

Unauliza kama uache dawa ya pumu ya kuvuta kwa kuwa ulimi umeota utando mweupe. Hata mimi niliupata. Nesi aliniagiza nisukutue kwa maji na kutema kila nikishavuta, dawa isibaki mdomoni. Nikawa natemea mlangoni alfajiri.

"We mtoto, unawaita mizimu?" shangazi akanong'ona, maana wazee wakitambika hutema hivyo. Nikaogopa, nikaacha kusukutua. Ulimi ukawa mweupe kama wa maiti.

Nesi akanipa dawa ya ulimi, nikarudi kusukutua. Usiache kuvuta, sukutua, na nesi aukague ulimi.

Siku niliporudi mlangoni, nilipotema, mtu ukunguni naye akatema. Sikumwona. Niliogopa, lakini safari hii sikuacha: nilisukutua tena.

Bibi yako,
Veronika