Hukuwahi Kuangusha Tikiti

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Shikamoo yako ya Jumapili niliisikia kwenye simu ya matroni, nami naijibu tena hapa: marahaba. Sisi huku Mbagala wazima. Mama yako mzima, kibanda chetu kizima, goti langu ndilo linalolalamika kama kawaida yake. Dakika tano mnazopewa za kupiga nyumbani hazinitoshi, hasa ukizingatia kwamba wewe zote tano unazimaliza na mama yako na mimi nabaki kusema "haya, kwaheri". Kwa hiyo nimechukua daftari.

Barua hii naiandika wazi. Mama Glory, yule mwenye kiti cha kukunja na chupa ya chai, ameniomba niiweke kwenye kundi la wazazi. Msimu wa majaribio umefika tena na wazazi wapya wanauliza maswali yale yale tuliyokuwa tunauliza sisi: mtoto avae njumu gani, aje amekula au hajala, kocha anapenda nini. Najua utaona aibu. Vumilia, mama. Nimeshawahi kukuaibisha zaidi ya hapa mbele ya uwanja mzima, na ulininyamazia.

Unakumbuka fomu ya kwanza? Tuliijazia pale kibandani, juu ya mzani, na mkono wangu ukiwa bado umelowa maji ya tikiti. Jina, shule, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ya mzazi. Halafu ikaja sehemu imeandikwa "nafasi anayocheza". Sikukutazama hata. Niliandika MSHAMBULIAJI, kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari chini yake.

Mimi nilikuwa namba tisa, hilo unalijua kuliko jina lako. Timu ya mtaa, kabla ya goti. Lile bao la kichwa nimekusimulia mara ngapi? Mama yako anasema kila mwaka kona ile inapigwa kutoka mbali zaidi, na mabeki wanaongezeka. Ulipoanza kucheza na wavulana nyuma ya shule, ukiwa na miguu mirefu ile, mimi niliona kitu kimoja tu: namba tisa imerudi nyumbani. Shangazi zako waliposema mtoto wa kike na mpira wapi na wapi, niliwajibu jibu moja, kwamba huyu ni mfungaji, mniachie. Nilidhani nakutetea wewe.

Majaribio ya kwanza yalikuwa Temeke. Kocha aliuliza unacheza namba ngapi, ukanigeukia, nikaitikia kwa kichwa kukutia moyo, ukasema tisa. Ulikimbia mpaka soksi zikashuka. Mpira ukikujia unauangalia kwanza kama mgeni asiyejulikana, na ukishaujua, beki keshaondoka nao. Jina lako halikutoka. Nililaumu mchanga wa uwanja.

Ya pili yalikuwa Kinondoni, na hayo ningependa wazazi wenzangu wayasome taratibu. Nilipiga kelele. "Piga! Piga golini! Zuhura, pigaaa!" Nilipiga kelele mpaka bwana mmoja mpole mwenye filimbi akaja akanishika mkono, akaniambia, "Mzee wangu, tukusogeze nje ya geti kidogo, mtoto apumue." Nikasimama nje ya geti, nachungulia kwenye tundu la bati, na bado nakuelekeza. Jina lako halikutoka tena. Safari hiyo nililaumu njumu.

Siku ile, tukiwa tunarudi, nilikununulia koni. Uliila mpaka mwisho, ukajifuta mdomo na mkono wa jezi, ukasema, "Baba, mie naona mpira basi. Si wa kwangu."

Nakwambia kweli, sikuwahi kuogopa kama hivyo. Mtoto aliyekuwa anaamka kabla ya adhana ili aupige mpira ukutani, jirani mpaka akaja kulalamika, leo anasema basi, na ana miaka kumi na mitatu tu. Nikakuomba jaribio moja la mwisho. Klabu ya Tegeta ilikuwa inachukua wasichana wa umri wako, na mwakani ungekuwa umeupita umri huo. Ukasema sawa. Ulisema sawa kwa sababu mimi ndiye niliyeomba, na hapo nilikuwa bado sijaliona tatizo.

Katikati ya hapo ilipita Jumamosi moja ya mzigo. Wasiotujua wajue kwamba mimi nauza matikiti maji, yanakuja na lori kutoka Rufiji, na hatuyashushi kwa kubeba. Tunapanga mstari. Saidi juu ya lori anarusha, wawili katikati wanapokezana, wa mwisho anadaka na kuyapanga juu ya turubai. Tangu ukiwa darasa la nne wa mwisho ulikuwa wewe. Nilikufundisha mwenyewe: usilisubiri tikiti, lifuate kwa macho tangu linatoka mkononi mwa mwenzio. Fungua viganja. Likifika, kunja magoti, livutie tumboni, usishindane nalo.

Jumamosi ile Saidi aliteleza. Tikiti kubwa, la kilo zake nane hivi, likaruka juu ya vichwa vya wale wawili wa katikati na kwenda pembeni kabisa, kuelekea kwenye meza ya mama wa mihogo. Mimi nilishafumba macho. Nilipofumbua, ulikuwa umelala ubavu chini, vumbi mpaka kwenye kope, na tikiti umelikumbatia zima.

Saidi akapiga ukelele, "Mzee! Huyu si mfungaji bwana, huyu kipa! Kipa wa kuzaliwa!"

Nami nikajibu, mbele yako, "Kipa wapi? Kipa ni mtu aliyekosa namba. Huyu tisa."

Watu wakacheka. Wewe uliinuka, ukalipanga tikiti lako, ukasimama tena mahali pako kusubiri lingine. Mama yako alikuona uso. Mimi nilikuwa nahangaika na mama wa mihogo.

Asubuhi ya kwenda Tegeta, wewe ukiwa unapiga pasi ile hijabu yako fupi ya michezo, mama yako alinivuta jikoni. "Baba Zuhura, ushawahi kumuuliza anapenda kucheza wapi?"

"Nimuulize nini? Mtoto huyu nimemlea mwenyewe."

"Ndiyo nakuuliza. Ushawahi?"

Nikamwambia tunachelewa. Na fomu, nisifiche, nilikuwa nimeshaijaza tangu juzi yake, na nilichoandika unakijua.

Tulifika Tegeta saa mbili. Wazazi tuliwekwa nyuma ya kamba, na Mama Glory ndiye aliyetupokea, maana yeye ilikuwa mara yake ya tatu pale na alikuwa anajua kila kitu, mpaka kivuli kinahamia wapi saa nne. Alikumiminia chai, akakuuliza kwa upole, "Eti mwanangu, wewe unapendaga kucheza wapi?"

Ukajibu, "Anapopenda baba."

Nilivimba kichwa, Zuhura. Nilimgeukia mzee mwingine pembeni yangu nikamwambia, umesikia mtoto mwenye adabu? Nilirudia hilo neno kwa watu wawili zaidi. Jamani, mimi tikiti naligonga mara moja kwa kidole najua ndani limeiva au bado, wateja wanatoka Kongowe kuja kugongewa na mimi. Mtoto wangu wa kumzaa alikuwa ananiambia kila kitu kwa maneno mawili, na sikusikia.

Kisha Kocha Mwantumu akawapanga. Unamjua alivyo, hana maneno mengi. Alipita mbele ya kila msichana na kuuliza jina na namba, bila kuangalia fomu hata kidogo. Akafika kwako.

"Wewe mrefu. Jina?"

"Zuhura."

"Unacheza namba ngapi?"

Ukageuka, ukanitazama.

"Usimwangalie baba. Baba hachezi leo. Namba ngapi?"

Lakini wewe uliendelea kunitazama. Temeke ulinitazama hivyo hivyo na Kinondoni ulinitazama hivyo hivyo, na mara zote mbili nilidhani unatafuta kutiwa moyo. Ulikuwa unaomba ruhusa. Hapo nikaiona Jumamosi yote, tikiti tumboni mwako na vumbi kwenye kope, nikakumbuka na nilichosema mbele ya watu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Kelele nilishakatazwa. Nikainua mkono juu kabisa na kusimamisha kidole kimoja.

Mama Glory aliniinamia, akanong'ona, "Baba Zuhura, choo kiko nyuma ya lile jengo."

Wewe hukuelewa mara moja. Uliangalia kidole, ukaangalia uso wangu, ukaangalia kidole tena. Halafu ule mwanya wako ukaonekana. Siku nyingi sikuwa nimeuona uwanjani.

"Namba moja," ukasema, kwa sauti ambayo hata wa nyuma ya kamba tuliisikia.

Hukuwa na glovu za kipa. Kocha alikuuliza ziko wapi, ukasema huna, akasema basi ingia hivyo hivyo. Nisiseme uongo kwa sababu wewe ni wangu: ulifungwa mawili, na moja lilikuwa la kizembe, katikati ya miguu, bibi yangu angelizuia. Hukujua pa kusimama wala wakati wa kutoka golini. Lakini ile mipira ya juu, mwanangu! Ulikuwa unaifuata kwa macho tangu inatoka mguuni mwa mpigaji. Viganja wazi, magoti yanakunjwa, mpira tumboni, kimya. Mmoja ulielekea pembeni kabisa, nami nikajishika nisifumbe macho safari hii. Ulipoinuka nao nilikuwa nalia, na Mama Glory alikuwa ananipa tishu na kunisema kwamba namwaga chai yake.

Mlipopumzika, kocha alikusogelea karibu na kamba yetu. Nilisikia yote.

"Nani kakufundisha kudaka?"

"Baba."

"Baba yako kocha?"

"Hapana. Anauza matikiti."

Wenzako wakacheka. Kocha Mwantumu hakucheka. Alinitafuta kwa macho nyuma ya kamba na kusema, "Mzee, shikamoo." Basi. Akarudi kazini.

Kwa nini ulisema vile? Miaka yote nilikuwa nakufundisha mashuti uani kwetu kila Jumapili, na hukushika hata moja. Ungeweza kusema umejifunza mwenyewe, na ingekuwa haki yako. Sijawahi kukuuliza, naona haya. Lakini nimelibeba jibu lako mpaka leo, na siku biashara ikiwa mbaya nalitoa nalitazama.

Majina yalitumwa baada ya siku nne kwenye simu. Nilikuwa na mteja anataka kipande. Nilisoma kutoka juu, polepole, na jina lako likawa la mwisho kabisa, chini ya neno "makipa". Mteja yule aliondoka na tikiti zima na mpaka leo hajui kwa nini.

Sasa uko kwenye bweni la klabu, na mimi nimezoea. Nikija kuwaona mkicheza, nasimama nyuma ya goli lako na karanga zangu mdomoni ili usiwe na nafasi ya kitu kingine. Mama Glory anasema nimekuwa mzazi wa mfano. Usimwambie kwamba ni karanga. Mama yako naye siku hizi anajua kona na adhabu, na juzi nilimkuta anambishia Saidi kuhusu kuotea. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Jumamosi hii mzigo ulikuja. Nilisimama mwisho wa mstari, mahali pako. Niliangusha matatu. Saidi akauliza kipa wetu anarudi lini, na mama yako akasema, "Huyo wa sasa mrudisheni mbele, labda atafunga." Tulicheka mpaka tukakaa chini juu ya turubai, tukala yale yaliyopasuka. Yalikuwa matamu sana. Nilitamani uwepo, lakini sikuwa na huzuni, maana najua ulipo na unachofanya hapo.

Pamoja na barua hii nakutumia fomu ya msimu mpya. Mama Glory anakuja huko Jumatano, atakukabidhi mkononi. Nimejaza jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba yangu ya simu, na nimetia sahihi chini. Ile sehemu ya nafasi unayocheza nimeiacha wazi. Najua unacheza wapi, Mbagala nzima inajua. Lakini pale jaza wewe, kwa mkono wako, hata kama mwaka huu umeamka na kutaka kitu kingine. Kalamu nimeibandika kwenye karatasi, usije ukasema ulikosa.

Ni mimi baba yako,
namba tisa mstaafu, mwangushaji wa matikiti.