Kitu Kwenye Damu Yangu

Shoga, kitendawili: nimekaa kitini, damu yangu inatembea nje. Usijisumbue, ni mashine ya figo.

Mipira mkononi, zimebaki saa mbili, mtu wa maabara akaja na karatasi. "Bibi, kwenye damu yako kuna kitu hatujui kimetoka wapi. Unakunywa nini?"

Mbele ya mkwe wangu! Yule aliyenikataza dawa za kienyeji! Nikimbilie wapi, na damu iko mashineni?

"Maji," nikasema.

"Bibi, hicho kitu kinamalizia figo. Unakunywa nini?"

Kinamalizia figo, shoga! Nikakumbuka chupa yako, pacha wa yangu, na figo zako mbovu kama zangu.

Nikasema, "Mizizi. Tunachemsha wawili. Mwenzangu anakuja kesho, naye mpimeni."