Vidonge vya Sabato

Jumatatu, 3 Machi
Chai bila sukari, siku ya tatu. Maji moto yenye rangi tu. Nimechukua majibu ya damu Keroka. Sukari imefika mpakani, bado si kisukari. Vitamini D iko chini mno. Daktari anasema wazee wengi hukutwa na hayo mawili pamoja, ila kidonge cha vitamini si kinga ya kisukari. Nitembee, nipunguze ugali. Kidonge kimoja kwa wiki, wiki nane. Nimeze kila Sabato nisisahau.

Nilisikia kisukari tu. Dada yangu Kerubo, kule Ogembo, alikatwa mguu mwaka jana kwa ugonjwa huo. Tumetoka tumbo moja. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Sabato ni mbali. Nimemeza leo. Nitameza kila siku. Mke wangu Moraa haambiwi. Miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto kusoma maagizo kabla ya kujibu swali. Mwalimu mzima.

Jumapili, 30 Machi
Vile vinane viliisha zamani. Nanunua vingine katika maduka tofauti ya dawa, nisiulizwe maswali.

Kerubo amepiga simu. Sikupokea. Sijaenda kumwona tangu akatwe. Huwa nasema Ogembo ni mbali. Uongo. Naogopa kukiona kile kigutu.

Jumanne, 15 Aprili
Kiu. Jagi zima kabla ya saa nne asubuhi. Nimeacha kuchuma chai mara sita nikakojoe. Kerubo alianza hivi hivi, kiu na mkojo. Basi, ugonjwa umefika. Nimemeza viwili.

Alhamisi, 24 Aprili
Kichefuchefu. Choo kigumu, siku ya nne. Nimemwita mjukuu kwa jina la marehemu mama yangu, akanishangaa. Moraa anataka twende hospitali. Nimemfokea. Wataniambia nini nisichokijua? Nimeitazama miguu yangu yote miwili kwa muda mrefu.

Jumatatu, 28 Aprili
Wodini, Kisii. Moraa alinikuta nimeanguka kwenye migomba. Akapekua koti langu, akaja na chupa zote kwenye mfuko.

Sukari ni ile ile ya Machi. Kilichopanda ni kalsiamu, na kimepandishwa na vidonge. Ndicho kilicholeta kiu na mkojo. Figo nazo zimeguswa. Daktari alizihesabu chupa, akauliza taratibu, "Mwalimu, ulikuwa unatibu nini?" Nikageukia ukuta. Aibu imenishika kuliko ugonjwa.

Jumatano, 7 Mei
Nimerudi nyumbani Ekerenyo. Maji mengi, vidonge hakuna, damu ipimwe tena baada ya wiki mbili. Bado naogopa. Moraa anajua sasa, na hilo limenipunguzia hofu kidogo.

Jumapili, 25 Mei
Ogembo. Kerubo amenifungulia mlango kwa magongo. Amenicheka nilivyokonda. Kisha akasema, "Nilidhani ulishanizika."

Niliomba beseni na maji ya vuguvugu. Nimemwosha mguu uliobaki, kati ya vidole, nikaukausha, nikaugeuza nione unyayo. Chini ya kidole gumba kuna kidonda. Hakimuumi. Hakujua kama kipo.

Nimelala huku. Asubuhi tunaenda kliniki wote wawili.