Milioni Moja na Moja

Ijumaa, baada ya chai ya jioni

Mia moja na moja! Nimeigawa milioni moja na moja kwa mia moja na moja, na hakuna kilichobaki. Nimerudia mara tatu kwa simu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Awasi kumposea mke Otieno, kijana wa marehemu ndugu yangu. Mimi ndiye msemaji wa upande wetu, na zamu yangu ya kujisifu kwenye pakruok, majigambo yetu ya Kijaluo, ilipofika, nikasimama: "Mimi ni milioni moja na moja! Hakuna namba ya kunigawa!" Wakapiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Baba wa msichana tu, mwalimu wa hesabu, ndiye ambaye hakupiga. "Bwana msemaji," akasema, "wiki ijayo utatuthibitishia."

Nilikuwa nimejaribu kuigawa mpaka kwa kumi na tatu tu, nikachoka.

Leo Otieno amenipigia. "Anko, mzee anasema anayedanganya kwa namba atadanganya kwa ng'ombe wa mahari pia. Tafadhali." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kesho nitasimama kabla hajaniuliza. "Mimi ni milioni moja na moja! Nimetafutiwa wa kunigawa Awasi nzima, kumbe ni mia moja na moja, na aliyemfichua ni mimi mwenyewe!"

Mwalimu akicheka, Otieno ameoa. Asipocheka...