Jina Ambalo Bibi Subilaga Hajalitamka

Sekela mwanangu,

Kitabu kimetoka. Nilitaka nikuambie hilo tu halafu ninyamaze, ufurahi. Lakini unanijua mama yako, sina kifua cha kuficha kitu. Kimetoka na kimeniletea kilio kingine. Uvumilie mwandiko wangu. Shule yangu unaijua, darasa la pili na kisomo cha watu wazima, basi.

Mvua haijakatika tangu tukuzike. Udongo ulididimia upande wa miguu, nimeurudishia mwenyewe na kupanda majani usichukuliwe. Ile ofisi ya ushirika walikokupunguza kazi sasa ni duka la mitumba. Mwenye duka ametundika makoti palepale dirishani ulipokuwa unakaa. Nikipita naangalia pembeni.

Walipokupunguza nilidhani utalia. Wewe ukachukua redio kaseti yako, ukaanza kuzunguka, leo Msasani yetu ya hapa Tukuyu, kesho Masukulu, unawauliza akina mama wazee waliolewaje, walichumaje chai, foleni ya sukari waliipangaje. Nikakuuliza, "Sasa nani atachapa maneno ya vikongwe?" Ukanicheka. "Mama, siku hizi ruksa. Kila mtu anauza chake, na mimi nitachapa changu." Ukaanika betri juu ya bati zipate jua, ukasubiri, ukaenda.

Ulipotutoka kaseti zilibaki kwenye kikapu chini ya kitanda. Sikutaka kuzigusa. Siku moja nikaweka ya Bibi Subilaga wa Masukulu, nikasikia sauti yako: "Bibi, nitaandika kama ulivyosema. Sitaongeza la kwangu." Mwanangu. Nilizima. Nilikaa pale mpaka ugali ukaungua. Ndipo nikajua kitabu hiki nitakimaliza.

Mwalimu Ambwene, yule mliyesoma naye, ndiye aliyenisaidia. Alisikiliza kaseti zote, akaandika, akapeleka Mbeya kwa mwenye mashine. Alifanya kwa moyo, usimchukie. Mimi nilikuwa nasoma nyuma yake, kidole kwenye mstari.

Sasa sikiliza. Unakumbuka Bibi alivyosimulia ndoa yake. Baba mkwe wake hakumtaja jina. Angemtajaje? Kwetu mkamwana hamtaji mkwe, hamtazami, akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Hata kitu kinachofanana na jina lake anakitafutia jina lingine. Kwenye kaseti Bibi anasema "mwenye mji" tu. "Mwenye mji alinipa ng'ombe wa kukamua." Mwalimu akaona msomaji atapotea. Akauliza wanaume wa ukoo, wakampa jina la mzee, akaliweka kila palipokuwa na mwenye mji. Akaliweka kinywani mwa Bibi! Mwalimu ni mtoto wa hapahapa, lakini hajaoa, na jambo hili hulijui mpaka liingie nyumbani mwako. Na mimi je? Nililisoma likapita. Angekuwa mkwe wangu, kidole kingesimama chenyewe.

Nilimpelekea Bibi kitabu nikiwa na furaha, na kanga mpya nimejifunga. Majirani wakajaa uani. Binti yake wa mwisho akasoma kwa sauti, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

"Eh, Bibi, kumbe pombe ya mumeo ulikuwa unaificha kwenye majivu!"

"Ningefanyaje? Mlevi yule angekunywa hata maji ya ndama."

Halafu binti akasoma jina.

Bibi alijifunika kanga kichwani, akainuka na mgongo wake ule, akaingia migombani. Kama vile mkwe mwenyewe ametokea njiani. Mzee yule alikufa zamani, Sekela, hata waliomzika wengi wameshazikwa. Nikamwita Bibi, hakutoka. Jirani mmoja akaniambia mbele za watu, "Mama Sekela, umemvua nguo mwenzako mbele ya mkwe wake." Nilirudi Tukuyu, moja kwa moja kwa Mwalimu.

Mwalimu akasema, "Mama, mzee alishakufa. Ni jina tu hilo."

Nikamwambia, "Sekela naye alishakufa. Haya, kakalie kigoda chake pale."

Hakukikalia. Akasema basi tuchane kurasa zile zenye jina. Nikakataa. Nyuma ya kurasa hizo ndipo unapomuuliza Bibi kama alimpenda mumewe, naye anakujibu, "Wewe mtoto, hivi nyumbani walikukanya kweli?" Nichane hapo?

Si vitabu vilivyonikosesha usingizi. Ni neno lako. Ulimwahidi, ukafa, na sisi tukaongeza la kwetu, na jina lililoandikwa kwenye jalada ni la kwako. Huna mdomo wa kujitetea. Watu wa Masukulu watakukumbuka kwa lipi?

Nikaanza kuvikusanya. Nilivifuata kanisani, dukani, kwa akina mama wa Msasani. Wengine walinicheka, mwingine akanifungia mlango mpaka niliporudi mara ya tatu. Nikavitia kwenye tenga, nikaenda Masukulu, nikakaa chini uani kwa Bibi. Aliponiona naja aliingia tena migombani. Nikasema kwa sauti kuelekea migombani, "Sikuja na maneno matupu. Nimekuja na vitabu. Ukisema moto, ni moto." Na angesema moto ningewasha kweli, na wewe ungekufa mara ya pili mikononi mwangu.

Akatoka. "Moto wa nini? Na maneno yangu mengine yaungue?" Akaketi. Akauliza, "Yuko wapi humo?"

Hakusema liko. Alisema yuko. Nikamwonyesha kwa kidole. Bibi hajui kusoma hata herufi, lakini aligeuza uso.

Halafu akasema, "Mimi serikalini naweka dole gumba. Leta wino."

Tukaazima kidau cha wino wa mhuri kwa mtendaji. Bibi akabonyeza dole gumba juu ya jina, kila mahali alipo mzee, kitabu baada ya kitabu. Uso ameuelekeza migombani muda wote, mimi nimeshika mkono wake nampeleka. Akanitania, "Shika vizuri, usije ukanifutia na mume. Yule mlevi nilimpenda." Hapo nikalia, naye akaniacha nilie, hakunyanyua mkono.

Tulipomaliza aliuliza, "Ndiyo vyote?"

Viwili sikuweza kumficha. Kimoja kilinunuliwa stendi na abiria wa Kyela, simjui. Kingine mgeni alikwenda nacho Dar es Salaam. Humo Bibi bado anamtaja mkwe wake, na huenda hivi ninavyoandika kuna mtu anasoma. Bibi alifuta dole lake kwenye jani la mgomba. Kisha akasema, "Vitafute. Mimi bado nipo." Lakini amezeeka, Sekela, mkono wake niliushika, ni mwepesi kama jani kavu. Ndilo linalonitia hofu.

Na kipo kimoja sikumtajia, kile nilichokuwekea wewe kwenye sanduku lako, ndani ya kitenge chako cha bluu. Nilikificha. Nilisema hiki kibaki kisafi, ni cha mtoto wangu. Nikakaa nacho, nikaona ungekuwa wa kwanza kunigombeza. Nimerudi nacho Masukulu, kimepata dole gumba kama vingine.

Basi pumzika, mwanangu. Mvua ikipungua nitakuja nikae upande wa miguu, nikusomee polepole, kidole kwenye mstari. Na vile viwili nitaviulizia stendi kila siku ya soko, nguvu zikiwepo. Hilo nakuahidi mimi, nikiwa hai, ili ahadi yako isilale njiani.

Na ukikutana huko na huyo mzee, jina lake sasa nalijua lakini kalamu yangu nimeikataza, msalimie kwa heshima. Mwambie mkamwana wake hajamtaja. Ni sisi.

Mama yako